Gari la turbo kutumia gesi badala ya petroli: mambo ya kujua kabla ya kumlipa fundi

Msikilizaji wetu mmoja, dereva anayebeba abiria kati ya Nakuru na Nyahururu, alitupigia simu kwenye kipindi cha asubuhi akiwa na uchungu. Ana Subaru Forester ya turbo. Bei ya petroli ilipomlemea, alifungiwa mfumo wa gesi. Miezi minne ya kwanza alifurahi, kwa sababu kila jioni alibaki na pesa ambazo zamani zilikuwa zinaishia kwenye kituo cha mafuta.

Mwezi wa tano, akipanda mlima wa Subukia na abiria wanne na magunia mawili ya viazi kwenye buti, gari lilipoteza nguvu, likaanza kutetemeka, kisha likatoa moshi wa samawati. Fundi alipofungua injini alikuta pistoni moja imeyeyuka ukingoni.

Swali lake kwetu lilikuwa fupi: "Ni gesi imeniulia injini?"

Tangu siku hiyo wasikilizaji wengine wameuliza swali hilohilo kwa njia tofauti. Wengine wana Subaru, wengine Volkswagen Golf, na wengine bado wanaweka akiba ya kununua. Kwa hiyo tumeamua kuandika maelezo haya ili uweze kuyasoma polepole kwenye simu na hata kumwonyesha fundi wako.

Kwa ufupi:

- Gari la petroli lenye turbo linaweza kutumia gesi ya LPG vizuri na kwa miaka mingi.
- Kinachoharibu injini nyingi za turbo zinazotumia gesi ni kupata gesi kidogo kuliko zinavyohitaji zinapopanda mlima na mzigo.
- Kifaa kilichotengenezewa injini ndogo isiyo na turbo hakifai gari la turbo, hata kama gari linawaka na kutembea nacho.
- Mtungi wa jikoni usifungwe kwenye gari kwa hali yoyote.
- Gesi inaokoa pesa kwa anayeendesha sana. Anayeendesha kidogo anaweza kukaa miaka kabla ya kurudisha gharama.

Tunazungumzia gesi gani?

LPG ni gesi ileile tunayopikia, yaani mchanganyiko wa propani na butani. Hapa Kenya inaingia kwa meli kupitia Mombasa. Ndani ya tangi inakaa kama maji, kwa presha ambayo ni karibu mara tatu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ukiiachia itoke, inageuka mvuke na kutanuka: lita moja ya maji yake hutoa takriban lita 250 za mvuke.

Jamaa zetu wa Tanzania wakisema gari linatumia gesi, mara nyingi wanamaanisha CNG, ambayo ni gesi asilia kama ile inayochimbwa Songo Songo na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Hiyo inashindiliwa kwenye tangi kwa presha kubwa sana, karibu mara 30 ya presha ya LPG. Vifaa vya gesi hizi mbili haviingiliani. Ukisikia mtu anauza kifaa cha bei nafuu kilichotoka Dar es Salaam, uliza kwanza ni cha gesi ipi.

Na kama gari lako ni la dizeli, kama zilivyo pikapu nyingi, matatu nyingi na malori, haya hayakuhusu. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto, na LPG peke yake haitawaka humo.

Turbo inafanya kazi gani?

Umewahi kumwona mhunzi akivuta mvukuto? Makaa ni yaleyale, lakini hewa ikiongezwa moto unakuwa mkali hadi chuma kinalainika. Turbo ni mvukuto wa injini. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo, na feni hiyo inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Kwa hiyo injini ya lita 2 inaweza kutoa nguvu ya injini kubwa.

Ndiyo sababu magari haya yanapendwa nyanda za juu. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida inachoka, lakini ya turbo inajipulizia hewa inayokosa.

Lakini hewa ikiongezeka, lazima mafuta yaongezeke pia. Ukitembea polepole kwenye barabara tambarare, turbo haifanyi kazi kubwa na injini inataka mafuta kidogo. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa inayoingia inaweza kufika mara mbili ya ile ambayo injini ingevuta yenyewe, na mafuta lazima yawe mara mbili papo hapo. Kumbuka jambo hili, maana ndilo lililomponza msikilizaji wetu.

Kwa nini gesi inaifaa turbo

Adui mkubwa wa injini ya turbo ni mafuta kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Mafuta yanatakiwa kuwashwa na plagi na kuungua kwa mpangilio, lakini hewa iliyoshindiliwa ina joto, na mafuta dhaifu hulipuka kabla ya zamu yake. Utasikia mlio kama wa kugongesha misumari kwenye debe. Mlio huo ukiendelea, pistoni inavunjika au kuyeyuka.

Uwezo wa mafuta kustahimili hali hiyo hupimwa kwa oktani. Magari mengi ya turbo tunayoagiza yametumika Japan, na huko yalitengenezwa kutumia petroli ya bei ya juu yenye oktani ya karibu 100. Petroli ya kawaida kwenye vituo vyetu vingi haifiki hapo. Propani inapita 105. Butani iko chini yake, kwa hiyo ubora wa LPG unategemea mchanganyiko, lakini kwa jumla gesi nzuri huwa na oktani kubwa kuliko petroli ya kawaida.

Kwa hiyo kwa upande huu gesi ni chakula kizuri kwa turbo. Inaungua bila kuacha masizi mengi, na oili haichafuki haraka.

Wala si jambo la kubahatisha. Dacia, kampuni ya Romania iliyo chini ya Renault, imewahi kuuza Ulaya magari yenye injini ya turbo ya lita moja, nguvu ya farasi 100, yakiwa na tangi la gesi kutoka kiwandani. Alfa Romeo na Opel pia waliwahi kuuza magari ya turbo yanayotumia LPG. Italia, Poland na Uturuki zina wateja wengi wa gesi hii, na teksi za Korea Kusini zimeitumia kwa miaka mingi.

Basi ile injini ya Subukia iliharibiwa na nini?

Tulizungumza na mafundi wanaofunga mifumo hii, na tukamwomba msikilizaji wetu atusomee maandishi yaliyokuwa kwenye kifaa chake. Jibu lilipatikana hapo.

Gesi ikitoka kwenye tangi, inapita kwenye kifaa kinachofanana kikazi na regyuleta ya jikoni, ila hiki ni kikubwa na kinapashwa joto na maji moto ya injini. Kazi yake ni kugeuza gesi kutoka maji kuwa mvuke na kuipeleka kwa presha inayotakiwa kwenye nozeli za gesi, ambazo huipuliza karibu na mlango wa kila silinda.

Kila regyuleta ina kipimo chake, na kipimo hicho huandikwa kwa nguvu za farasi. Ya msikilizaji wetu ilikuwa ya injini ya farasi 140. Forester yake ya turbo, ya lita 2, ina nguvu ya farasi 230.

Ni kama kumwagilia ekari tatu kwa bomba la bustani ya nyuma ya nyumba. Asubuhi, ukifungua bomba moja, maji yanatoka vizuri. Ukifungua yote kwa pamoja, mwisho wa shamba hakufiki kitu.

Kwenye barabara tambarare regyuleta ile ilitosha. Mlimani, turbo ilipoleta hewa nyingi, presha ya gesi ilishuka. Silinda zikapata hewa tele na gesi kidogo. Hapo joto hupanda kupita kiasi na mlipuko wa kabla ya zamu huanza, na pistoni haivumilii muda mrefu.

Lipo jambo jingine linalozidisha hatari. Petroli inapopulizwa ikiwa ya maji, inakausha joto kidogo inapogeuka mvuke, kama jasho linavyoupoza mwili. Gesi inaingia ikiwa mvuke tayari, kwa hiyo haileti ubaridi huo. Ndiyo maana kosa dogo la kipimo linaumiza zaidi kwenye gesi.

Wengi hujiuliza kwa nini taa ya injini haikuwaka mapema. Gari lina sensa kwenye bomba la moshi inayoonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Ukiendesha taratibu, sensa hiyo inarekebisha makosa madogo. Lakini kwenye injini nyingi za zamani kidogo, ukikanyaga mafuta yote, kompyuta huacha kuisikiliza na kufuata vipimo vilivyoandikwa kiwandani kwa ajili ya petroli. Haijui kwamba gesi haifiki. Dereva anahisi gari limekuwa zito kidogo tu, anafikiri ni mzigo, na anazidi kukanyaga.

Kwa hiyo jibu letu kwa msikilizaji lilikuwa hili: injini yako iliharibika kwa kunyimwa gesi wakati ambapo turbo ilikuwa inaihitaji zaidi.

Mpira mdogo wenye kazi kubwa

Kwenye gari la turbo, kuna mpira mwembamba unaounganisha regyuleta na njia ya hewa ya injini, baada ya turbo. Kupitia mpira huo regyuleta inajua turbo inasukuma hewa kiasi gani, na inapandisha presha ya gesi kwa kiwango hichohicho. Bila hivyo, hewa iliyoshindiliwa inaizidi gesi nguvu na kuizuia kuingia vizuri.

Mpira huo ukifungwa mahali pasipofaa, ukipasuka au ukichomoka, utarudi palepale pa mlima wa Subukia. Mwombe fundi akuonyeshe ulipo, na uukague kila unapoangalia oili.

Mfumo wa zamani usikubali

Bado wapo wanaofunga mfumo wa zamani, ambao gesi inachanganywa na hewa mapema, mbali na silinda. Kwenye gari la turbo hilo ni hatari, kwa sababu njia yote ya hewa, pamoja na kile kipoza hewa cha turbo kinachofanana na rejeta, hujaa mchanganyiko unaoweza kuwaka. Cheche ikirudi nyuma, unasikia mlipuko chini ya boneti, na mipira na plastiki zinapasuka.

Unaotakiwa ni mfumo wenye nozeli moja ya gesi kwa kila silinda na kompyuta yake inayofuata ile ya petroli. Gesi inaingia karibu kabisa na silinda, kwa hiyo hakuna mrundikano njiani.

Uliza injini yako inapuliza petroli wapi

Hili linawakamata wengi wanaonunua magari mapya kidogo. Kwenye Forester ya turbo iliyotengenezwa Japan kati ya 2008 na 2012, petroli hupulizwa nje ya silinda, kwenye mlango wake. Toleo lililofuata, lenye nguvu ya farasi 280, linapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Golf nyingi za TSI nazo ziko hivyo.

Nozeli zilizo ndani ya silinda hukaa kwenye moto, na kinachozipoza ni petroli inayopita ndani yake. Ukizima petroli kabisa na kutumia gesi tu, nozeli hizo zinapata joto, zinaziba au zinaungua, na ni ghali kuzibadilisha.

Kwa injini hizo kuna vifaa maalumu vinavyoruhusu petroli kidogo iendelee kupita huku kazi kubwa ikifanywa na gesi. Vinafanya kazi, lakini bei ni kubwa na akiba inapungua kwa sababu bado unachoma petroli kiasi. Fundi akikuambia kwamba kifaa chake kinafaa gari lolote, huyo hajakagua injini yako.

Vitu vitatu vya kutunza

Cha kwanza ni vali. Gesi ni kavu, na kwenye injini nyingine makalio ya vali hulika polepole, nafasi ya vali inabadilika, na hatimaye vali haifungi vizuri na inaungua. Kagua nafasi za vali kulingana na maelekezo ya injini yako, na usingoje hadi gari litetemeke.

Cha pili ni plagi na koili. Gesi inahitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko petroli. Plagi iliyochoka inaweza kuvumilika kwenye petroli lakini ikakatakata kwenye gesi. Badilisha plagi mapema na uweke za aina inayotakiwa na injini hiyo.

Cha tatu ni maji ya rejeta. Regyuleta inategemea maji moto. Maji yakipungua, au hewa ikiingia humo, regyuleta inapata baridi hadi inaota barafu, na gesi inashindwa kugeuka mvuke sawasawa. Tumia maji ya rangi ya kupozea injini, usiweke ya mtoni. Ukiona rejeta inapungua mara kwa mara baada ya kufunga gesi, anza kukagua mipira iliyounganishwa na regyuleta.

Jua pia kwamba gari huwaka kwa petroli na kuhamia gesi maji yakishapata joto. Asubuhi ya baridi kule Ol Kalou linachukua muda. Kama safari yako ni kilomita mbili hadi sokoni, sehemu kubwa utaitembea kwa petroli. Na usiache tangi la petroli likauke, maana pampu yake inapozwa na petroli hiyohiyo.

Mtungi wa jikoni usiufunge kwenye gari

Tumesikia, na wengine tumeona kwa macho, mtungi wa kilo 13 umelazwa kwenye buti na mpira umepitishwa hadi kwenye injini. Tunasema wazi kwamba hilo ni hatari kwa abiria na kwa gari lenyewe.

Tangi la gari lina vali yenye kazi kadhaa. Inazuia kujaza kupita asilimia 80 ili gesi iwe na nafasi ya kutanuka joto likipanda. Inafunga yenyewe injini ikizimika. Inakata gesi bomba likikatika kwenye ajali. Inaachia presha kidogo kidogo ikizidi. Mtungi wa jikoni haukutengenezewa kazi hizo. Ukiulaza, unaweza kutoa gesi ya maji mahali palipotarajiwa mvuke. Ukiusimamisha, hauwezi kutoa mvuke wa kutosha: umewahi kuona mtungi wa hoteli ukiota umande na barafu jiko kubwa likiwaka muda mrefu? Ndivyo presha inavyoshuka, na kwenye gari la turbo tayari unajua kinachofuata.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hailengi juu, inakaa chini kwenye sakafu ya gari, kwenye mtaro au kwenye shimo la gereji, ikingoja cheche. Ukisikia harufu yake, zima gari, shusha watu, fungua milango, usiwashe wala kuzima kitu cha umeme, na usogee mbali.

Tunakumbuka Embakasi, Nairobi, Februari 2024. Mlipuko kwenye kituo cha gesi kisicho halali uliua watu na kujeruhi mamia, na mamlaka ya EPRA ilisema ilikuwa imekataa maombi ya kibali ya mahali hapo. Anayekuuzia gesi ya gari nyuma ya nyumba anakuingiza kwenye hatari kama hiyo.

Hata kwa hesabu, mtungi haulipi. Kilo 13 ni kama lita 24. Tuseme umeujaza kwa shilingi 3,200. Hiyo ni takriban shilingi 133 kwa lita. Ilinganishe na hesabu iliyo hapa chini.

Hesabu ya mfukoni

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Weka za eneo lako. Bei ya juu ya petroli hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na bei ya gesi ya magari utaiuliza kituoni.

Lita ya gesi ina nguvu kidogo kuliko lita ya petroli. Gari linalotumia lita 10 za petroli kwa kilomita 100 litatumia kama lita 12.5 za gesi.

- Petroli: lita 10 kwa shilingi 180 ni shilingi 1,800.
- Gesi ya kituoni: lita 12.5 kwa shilingi 110 ni shilingi 1,375.
- Unaokoa shilingi 425 kwa kila kilomita 100.
- Gesi ya mtungi wa jikoni: lita 12.5 kwa shilingi 133 ni kama shilingi 1,660. Unaokoa shilingi 140 tu, na umebeba hatari yote.

Tuseme ufungaji mzuri wa gari la turbo umekugharimu shilingi 100,000. Utazirudisha baada ya kutembea kama kilomita 23,500. Dereva wa abiria anayetembea kilomita 100 kwa siku atafika hapo kwa siku 235 za kazi. Anayetumia gari kwenda kanisani na sokoni, kilomita 50 kwa wiki, atahitaji karibu miaka tisa.

Kanuni rahisi ya kukumbuka: zidisha bei ya petroli kwa 0.8. Kama lita ya gesi inauzwa juu ya jibu hilo, huokoi kitu. Kwa petroli ya shilingi 180, mpaka ni shilingi 144.

Angalia pia kituo cha gesi kiko wapi. Tangi la lita 50 hujazwa lita 40 kwa ajili ya usalama, na hizo zinakupeleka kama kilomita 320. Kama kituo cha karibu kiko kilomita 60 na huna safari ya huko, akiba yako inaishia njiani.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

1. Regyuleta hii ni ya farasi wangapi, na injini yangu ina wangapi? Ya regyuleta iwe kubwa, iwe na ziada.
2. Nozeli za gesi zina ukubwa unaotosha turbo ikisukuma kwa nguvu zote?
3. Injini yangu inapuliza petroli ndani au nje ya silinda?
4. Tangi na vali yake vina muhuri wa kiwango cha kimataifa cha R67, na tarehe ya kutengenezwa inasomeka?
5. Utalipima gari likipanda mlima na mzigo, kompyuta yako ikiwa imeunganishwa?
6. Nikiwa na shida baada ya miezi mitatu nitakupata wapi, na utanipa karatasi ya kazi uliyofanya?

Swali la tano lina uzito kuliko yote. Fundi anayepima gari likiwa limesimama kwenye yadi hajapima turbo. Panda naye mlima. Kwenye kompyuta yake aone kwamba presha ya gesi haishuki ukikanyaga mafuta, na kwamba marekebisho ya mafuta kwenye gesi hayatofautiani sana na yale ya petroli, kwa kadiri ya asilimia 10. Presha ikishuka, kompyuta ya gesi irudishe gari kwenye petroli yenyewe. Mfumo mzuri una uwezo huo, lakini lazima fundi auwashe.

Kabla ya yote, hakikisha injini ni nzima kwenye petroli. Gari linalokula oili au kukatakata halitaponywa na gesi. Iarifu pia kampuni yako ya bima kwa maandishi, ili siku ya ajali usiambiwe gari lilibadilishwa bila wao kujua.

Dalili za kusimama mara moja

Ukiwa kwenye gesi na ukasikia mlio wa misumari kwenye debe mlimani, au gari likapoteza nguvu ghafla, au taa ya injini ikawaka na kumetameta, ondoa mguu kwenye mafuta, rudi kwenye petroli na uende taratibu hadi kwa fundi. Msikilizaji wetu anasema alisikia mlio huo wiki mbili kabla. Alidhani ni mawe yanayogonga chini ya gari.

Sasa injini yake imetengenezwa na anatumia petroli. Tangi la gesi bado liko kwenye buti, tupu, akiweka akiba ya kununua regyuleta ya kipimo chake. Ameahidi kwamba siku itakapofungwa, fundi atakaa kiti cha mbele na watapanda Subukia pamoja, na magunia yakiwa kwenye buti.

Kama gari lako linatumia gesi na una la kutuambia, zuri au baya, tutumie ujumbe wakati wa kipindi cha asubuhi. Tutausoma hewani na kumtafuta fundi wa kujibu.